Saba Nukta Mbili

Jumatatu, 26 Februari 2024

Barua ya maombi ya tisa leo. Tisa! Ofisi ya watengeneza maboksi, barabara ya Pugu. Mlinzi alikuwa anakula muhogo wa kukaanga. Akaipokea bahasha yangu kwa vidole vile vile, alama ya gumba la mafuta ikabaki juu ya neno MKURUGENZI. Acha hapo, watakupigia. Akaiweka chini ya chupa ya chai isipeperuke.

Hawatapiga. Najua.

Na fildi, mafunzo yetu ya kiwandani, inaanza Jumatatu ijayo. Wiki nane. Chuo kimesogeza ratiba, safari hii tunaenda kipindi cha masika badala ya Julai. Bila kiwanda hakuna fildi. Bila fildi iliyosainiwa na kugongwa mhuri, narudia mwaka mzima. Na kosa ni langu mwenyewe. Wenzangu wote walikimbilia soda na saruji, mimi nikajitia kichwa ngumu kuchagua karatasi. Eti nataka kitu cha tofauti! Sasa mashine kubwa za karatasi ziko huko nyanda za juu, na hapa Dar kuna viofisi vya walinzi wanaokula mihogo.

Jioni mvua imenyesha hapa Kimara. Haikufika dakika tano, jirani yetu Brightson ameshafungua bomba la choo chake. Mji huu una mambo! Wingu likitanda, watu wazima na heshima zao wanatoka na majembe kutapisha vyoo, mvua ibebe kila kitu ipeleke kwa wa chini. Wa chini ni sisi. Mama kafunga madirisha. Mimi nimeziba pua kwa kanga nikimlaani. Kesho atasema shikamoo kwa Mama bila hata kupepesa macho. Kinyaa.

Alhamisi, 29 Februari

NIMEPATA!

Vingunguti. Kiwanda kidogo, karatasi za chooni. Wananunua makaratasi makuukuu, wanayapika uji, uji unakuwa tishu. Ukuta wa nyuma unatazama bondeni. Upepo ukitoka machinjioni unajua.

Meneja wa uzalishaji ni Injinia Gozbert. Mtu wa pafyumu. Suruali ina mkunjo wa pasi unaoweza kukata nyanya. Matokeo yangu hakuyasoma, barua ya chuo hakuisoma. Aliniuliza kitu kimoja: una mwandiko mzuri? Akanipa karatasi niandike namba, moja hadi tisa. Nikaandika. Akaitazama muda mrefu.

Saba yako nzuri, akasema. Njoo Jumatatu.

Sikuelewa. Sijali! Mama amepiga vigelegele jikoni na mwiko mkononi. Mwalimu wa shule ya msingi mwaka wa ishirini na sita huu, na binti yake anakwenda kuwa injinia.

Jumatatu, 4 Machi

Nimetapika. Siku ya kwanza, saa tatu asubuhi, mbele ya watu.

Palpa ni pipa la chuma refu kuliko mtu, chini yake panga zinazunguka. Unatupa karatasi, maji na magadi makali wanayoyaita kostiki, inakuwa uji wa kijivu. Kitabuni palpa imechorwa safi, mishale inaingia, mishale inatoka. Hakuna mshale wa pedi iliyotumika. Hakuna mshale wa panya aliyekufa katikati ya robota la magazeti, wala pampasi za mtoto wa mtu zikiwa zimekunjwa vizuri kama zawadi. Na uji wenyewe una povu, na povu linapasuka taratibu, na kila likipasuka linatoa ile harufu — yai bovu, soksi, nguo zilizolala majini wiki nzima.

Anayeendesha palpa ni Mzee Albano. Mtu wa Songea, mkimya, miaka kumi na tisa yuko hapo hapo. Nilipotapika aliniletea maji kwenye kopo.

"Usione haya, mwanangu. Wote wanatapikaga. Yule bosi wako alitapika siku tatu."

Hilo limenifariji kuliko maji.

Kwenye uchambuzi wa karatasi wapo wanawake saba. Niliyekaa naye ni Jenipher, makamo hivi, anaongea bila kupumua. Mikono mitupu! Nikamuuliza glovu ziko wapi. Akacheka mpaka akashika kiuno. Amenipachika jina tayari: Injinia. Nyuma ya ukuta, bondeni, ana matuta yake ya mchicha, mtaro wa kiwanda unapita kando yake. Asubuhi mchicha, mchana karatasi.

Daftari la fildi nimelifungua rasmi. Dakta Nikodemu, msimamizi wetu wa chuo, katuapisha: unaandika kila siku, kwa wino, hakuna kufuta, hakuna kuchana ukurasa. Nikikuta umefuta sehemu moja tu, alisema, sisaini, tutaonana mwakani. Kuna aliyefuta namba moja mwaka jana. Yuko darasani na sisi sasa hivi.

Jumatano, 13 Machi

Sijui nianzie wapi. Nina hasira hadi kalamu inatoboa.

Leo limefunguliwa robota la karatasi za ofisini. Jenipher akasema haya ndiyo mazuri, hayana uchafu. Bahasha za kaki, nyingi, zimefungwa vizuri na gundi yake. Ofisi fulani wamesafisha stoo. Nikachukua moja: YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MAFUNZO KWA VITENDO. Nyingine: YAH: MAOMBI YA NAFASI. Nyingine. Nyingine. Za mwaka huu, za mwaka juzi. Hazijafunguliwa hata moja!

Halafu nikaona gumba la mafuta juu ya neno MKURUGENZI.

Yangu. Mwandiko wangu. Wiki mbili na siku mbili tangu nimpe yule mlinzi. Ndani yake ipo nakala ya cheti changu na ile barua niliyoiandika mara nne kwa sababu Mama alisema neno "naomba" lirudiwe.

Jenipher akasema fungua usome, labda wamekubali. Wanawake wote wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Nilicheka kweli.

Mzee Albano akaja na toroli. Akaniuliza kama nataka kuichukua. Nikasema hapana. Akazimwaga zote. Nilisimama juu ya palpa nikatazama majina ya watu yanageuka uji. Wamehangaika na viatu vya kuazima, wamesema shikamoo kwa walinzi wenye umri wao, na mwisho wa yote wamekuwa karatasi ya kujifutia.

Kwenye daftari la fildi nimeandika: Leo nimejifunza hatua ya kulainisha malighafi.

Ijumaa, 22 Machi

Nimejua kwa nini saba yangu ni nzuri.

Kiwanda kina tangi la maji machafu kule nyuma, karibu na ukuta. Maji yakishatoka kwenye uji yanakaa pale. Yanatakiwa yatulie, yapunguzwe ukali kwa asidi, yapimwe, ndipo yaachiwe mtaroni. Kila siku kuna namba ya kuandika kwenye rejista. Ukali wa maji. Saba ni maji ya kawaida. Ikizidi nane na nusu, huruhusiwi kuachia.

Injinia Gozbert kanikabidhi rejista leo. Nikafurahi, mjinga mimi. Nikachukua karatasi za kupimia, nikachovya. Karatasi ikaenda bluu iliyoiva, karibu zambarau. Kumi na moja! Nikarudia. Kumi na moja. Nikamkimbilia ofisini kama mtoto aliyeona nyoka.

Akanikaribisha kiti. Akanipa na korosho.

"Binti, asidi imeisha tangu Novemba. Andika saba nukta mbili."

Nikamwambia nimepima.

"Nimekuelewa. Kupima umejifunza, hongera. Sasa jifunze kuandika. Aliyekuwepo kabla yako mwandiko wake ulikuwa kama kuku, wakaguzi wakamtilia mashaka. Wewe saba yako inaaminika."

Nikauliza, na kwenye daftari langu la chuo? Akanitazama kwa huruma kabisa. Daftari lako analisaini nani? Linagongwa mhuri na nani? Namba zitofautiane ili iweje? Mhuri wenyewe anautembeza kwenye mfuko wa shati. Akaupigapiga.

Mimi ndiye niliyegombana na kundi langu zima mwaka wa pili kwa sababu walipika majibu ya maabara. Niliwaita wezi.

Nimeandika 7.2. Rejista na daftari. Korosho pia nimekula.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Mama kapika pilau, kuku, na mchicha wa nazi. Nikamuuliza mchicha kanunua wapi. Kwa yule kijana wa toroli. Na yeye kautoa wapi? Mama akasema we Veva, mchicha unaoshwa, hauhojiwi.

Sikuugusa. Nikamweleza habari ya tangi, kidogo tu, nusu. Nikasema wale ni kama Brightson, tena zaidi ya Brightson. Mama akaendelea kutafuna. Halafu akasema taratibu:

"Na sie mwaka ule choo kilipojaa, baba yako kalazwa Muhimbili, tulifanyaje? Ulinishikia tochi."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nimesahau kabisa. Au nilijisahaulisha.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Saa nne tangi likafika ukingoni. Injinia Gozbert akatoka mlangoni na kikombe chake, akaangalia mawingu, akamwambia Mzee Albano: fungua.

Hivyo tu. Hakuna aliyeshtuka. Mzee Albano akazungusha valvu, maji ya kijivu yakaruka mtaroni na povu lake, mvua ikayachukua. Kama Brightson, kasoro jembe. Yaani mtu kasoma miaka minne, ana cheti ukutani kwenye fremu, na kanuni yake ya kusafisha maji ni kusubiri wingu!

Mimi nilikuwa nimeshika rejista. 7.2.

Mchana Jenipher hakurudi kwenye uchambuzi. Nikamfuata nyuma ya ukuta. Matuta mawili ya mbele yamelala kama yamemwagiwa maji ya moto. Majani yamekuwa meusi pembeni. Alikuwa ameinama, anang'oa kimya kimya, yeye asiyenyamazaga. Miguu peku kwenye yale maji! Nikamwambia atoke. Akasema ashazoea, yanawasha tu, akaninyooshea unyayo. Ngozi ilikuwa imebanduka katikati ya vidole, nyekundu.

Hakunilaumu. Hilo ndilo baya. Aliongea na mimi kama mtu wa ndani anayeweza kumsaidia. Ana viroba vya mchanga, vipo sita, akivipanga mdomoni mwa mtaro maji yanapita kando, matuta yanapona.

"Dakika kumi tu zinanitosha, Injinia. Wewe nipigie ukelele tu ukutani. Nikivipanga kila mvua, wa chini yangu nao watanitukana, maji yanaenda kwao. Siku wanayofungua tu. Nitawaambia na wao."

Nikamwahidi. Kwa mdomo wangu. Kila wakitaka kufungua nitakwambia.

Alhamisi, 11 Aprili

Walifungua jana, Idi, wakiwa wa zamu tu, mimi sikuwepo kazini, kosa halikuwa langu. Leo wamefungua tena. Nilipiga ukelele ukutani nikajifanya namwita paka. Jenipher akapanga viroba. Matuta yaliyobaki salama! Mzee Albano aliona. Akasema tu kwamba kiwandani hapa hakujawahi kuwa na paka.

Bado nanuka. Naoga mara mbili, nasugua kwa ndimu, harufu iko kwenye kucha. Mama anasema haipo. Ipo.

Alhamisi, 18 Aprili

7.2. 7.1. 7.2. 7.3. 7.2.

Gozbert kanifundisha kuyumbisha kidogo. Ikiwa ile ile kila siku inatia shaka. Mkono umezoea, hata sitazami tena. Wiki moja imebaki.

Alhamisi, 25 Aprili

Siku ya mwisho. Kesho Muungano. Naandika hapa stoo ya kostiki, nimekalia ndoo, nina dakika chache.

Dakta Nikodemu amekuja. Asubuhi Gozbert alitutangazia: leo valvu isiguswe, kuna mgeni wa chuo, hata inyeshe gharika. Nilifurahi. Nikaenda ukutani mwenyewe, bila paka wala nini, nikamwambia Jenipher kwa sauti: leo hawafungui, nenda kapumzike. Akavitoa viroba vyake vyote, akavipandisha juu kwa mama mmoja mwenye bamia, aliyelalamika kwamba na yeye maji yanamfikia. Akanirushia fungu la mchicha juu ya ukuta. Ni zawadi ya kuniaga, alisema. Lipo hapa kwenye mkoba.

Saa tano mvua. Siyo mvua, ni ndoo! Saa sita tangi limejaa hadi ukingo, maji ya kijivu yanalamba uwanja, yanaelekea pale ilipoegeshwa gari ya Dakta. Dakta na Gozbert wako ofisini dirishani, wanakula sambusa. Gozbert akatoka, akaniita kwa kidole.

Mwambie Albano afungue. Wewe simama pale uandike. Na usiende ukutani, ameongeza, nimesikia kuna paka. Akagusa mfuko wa shati.

Mhuri bado. Ameahidi ataugonga wakimaliza kula, mbele ya Dakta, pamoja na saini.

Nikaenda. Mzee Albano akashika valvu, imekwama, kutu. Kaenda kuchukua spana. Ndipo nikafikiria hivi: basi, leo ni siku ya mwisho, angalau namba moja ya kweli iingie kwenye daftari langu. Moja tu! Mwandiko wangu, wino wangu. Dakta akiuliza nitajibu. Nikachovya karatasi. Kumi na moja na zaidi. Nilijisikia msafi, kwa mara ya kwanza tangu Machi. Nikakimbia hapa stoo, nikafungua daftari, Alhamisi 25 Aprili.

Imeshaandikwa. 7.2.

Ni mimi. Niliandika asubuhi, saa mbili, nikisubiri chai. Sikumbuki kuiandika. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyenisimamia. Saba nzuri, imenyooka, na mkia wake. Kwa wino.

Harufu ile haikuwa kwenye kucha.

Na siwezi kufuta. Nikifuta, Dakta hasaini. Nisipofuta, nimefanyaje? Bado naiangalia. Kutoka mlango huu naona dirisha la ofisi, na vichwa viwili vinatazama uwanjani. Ukuta uko hatua ishirini. Kwenye hatua hizo ishirini hakuna hata mti wa kujifichia.

Jenipher amerudi bondeni. Namsikia upande wa pili, anahangaika na mvua, anacheka peke yake. Viroba viko juu kwa mwenzie.

"Injinia! Ulisema leo hawafungui, eti?"

Ananiita tena.

Spana inaburuzwa sakafuni. Mzee Albano kasimama kwenye valvu, ananitazama, haizungushi. Nimwambie nini? Amesema yeye anasubiri neno langu, mimi ndiye niliyetumwa. Na Mzee naye ananiita.

Wote wawili wananiita Injinia.